Kuchagua trekta dogo la bei nafuu kwa kazi nyepesi za shambani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Trekta dogo ni lipi hasa?

Kwa maelezo haya, trekta dogo ni lile la magurudumu manne lenye injini ya nguvu za farasi 15 hadi 35. Dereva hukaa juu yake, na nyuma lina mikono mitatu ya kubebea zana pamoja na shafti ya kuzungushia zana, ile ambayo mafundi huiita PTO. Kwa kulinganisha, Massey Ferguson 135, ambalo wakulima wengi wa Tanzania na Kenya wamelizoea tangu zamani, lina nguvu za farasi 45 hivi, na mengi yanayolima kwa kukodishwa siku hizi yana 50 hadi 90. Pawatila ni kitu kingine. Ina magurudumu mawili na injini ya farasi 12 hadi 16, na mwendeshaji huifuata kwa miguu akiwa ameshika mikono yake.

Nina ekari saba za mahindi na mboga. Je, trekta dogo litalima shamba lote?

Swali hili ndilo linalopoteza fedha nyingi za wakulima, kwa hiyo linastahili jibu refu. Plau ya sahani tatu, ambayo ndiyo tumeizoea karibu kila mkoa wa Tanzania, imetengenezwa kwa matrekta yenye nguvu za farasi 50 na kuendelea. Ukiifunga kwenye trekta la farasi 25, kinachoshindwa kwanza si injini. Kinachoshindwa ni uzito, kwa kuwa trekta la aina hiyo huwa na kilo 700 hadi 1,300 hivi, na kwenye udongo mgumu wa mwisho wa kiangazi matairi yatazunguka mahali pamoja huku plau ikikwaruza juu juu. Mkulima anayelazimisha kazi hiyo kila msimu hula klachi, hula matairi, na mwishowe hupata shamba lililolimwa inchi tatu.

Ushauri wangu ni kuzitenganisha kazi. Ile kazi moja nzito ya mwaka, yaani kuvunja ardhi mara ya kwanza, kodi trekta kubwa ifanywe kwa siku moja au mbili. Kazi zinazobaki, ambazo ndizo nyingi, lifanye trekta lako: kulainisha mabonge, kupanda, kuinua matuta, kufyeka majani, kuvuta tela la samadi na mazao, kusukuma maji, kuendesha mashine ya kupukuchua mahindi na kukata majani ya ng'ombe. Mkulima anayenunua trekta kubwa kwa ajili ya siku mbili za kulima hujikuta analilipia mwaka mzima likiwa limeegeshwa chini ya mwembe.

Zipo hali ambazo trekta dogo hulima lenyewe bila msaada. Udongo wa kichanga wa ukanda wa Pwani, bustani za umwagiliaji zinazolimwa mfululizo, majaruba ya mpunga yaliyokwisha kulowa, na shamba linalolimwa kila mwaka baada ya mvua za kwanza kulainisha ardhi, yote hayo yako ndani ya uwezo wake, hasa likiwa na rotaveta, yaani zana yenye visu vinavyozungushwa na shafti ya PTO kukatakata udongo, badala ya plau. Kwa rotaveta ya upana wa mita 1.2, ukienda mwendo wa kilomita mbili na nusu kwa saa na kuhesabu muda wa kugeuka, utamaliza ekari moja kwa saa mbili hivi.

Je, nichague lenye nguvu za farasi ngapi?

Kwa kuvuta tela, kunyunyizia dawa na kufyeka kati ya miti ya matunda au mikorosho, farasi 18 hadi 22 zinatosha. Kwa rotaveta ya mita 1.2 na mashine ya kukata majani, tafuta 24 hadi 30. Kumbuka kwamba idadi iliyoandikwa ubavuni ni ya injini, na inayofika kwenye shafti ya PTO hupungua kwa asilimia 15 hadi 20. Ukinunua zana, linganisha mahitaji yake na nguvu ya PTO.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji ni mwinuko. Injini ya dizeli isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takribani asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwa mkulima wa Njombe au Makete, aliye karibu na mita 2,000, trekta la farasi 25 litamfanyia kazi ya farasi 20.

Kwa nini nisinunue pawatila, maana bei yake ni nafuu zaidi?

Inategemea udongo wako. Kwenye mpunga wa umwagiliaji, kama ule wa Lower Moshi au Mbarali, pawatila imethibitisha thamani yake: ni nyepesi, haizami sana ikifungwa magurudumu ya chuma, na hugeuka ndani ya jaruba dogo. Lakini baada ya Kilimo Kwanza, mpango wa serikali wa kuendeleza kilimo, kuzinduliwa mwaka 2009, halmashauri nyingi zilinunua pawatila kwa wingi na kuzipeleka hata maeneo makavu yenye udongo mgumu, ambako nyingi ziliishia kuvuta tela la maji, mchanga na kuni. Haikuwa kosa la mashine. Ilipelekwa kwenye kazi ambayo haikuundwa kuifanya.

Mfikirie pia mtu atakayeishika. Rotaveta ya pawatila ina upana wa sentimita 70 hivi, na kwa upana huo mwendeshaji hutembea karibu kilomita sita kwa kila ekari, kwenye mabonge, akizuia mashine yenye zaidi ya kilo 300 isimvute pembeni. Kijana mwenye nguvu atafanya ekari moja au mbili kwa siku. Mzee wa miaka 60, au mama anayelima peke yake, atahitaji kuajiri mtu, na ujira huo lazima uingie kwenye hesabu ya bei.

Vipi matrekta ya bei ya chini yenye silinda moja na mikanda?

Haya hutoka China kwa wingi, na kinachoyafanya yawe nafuu ni injini ya silinda moja iliyolala, inayopeleka nguvu kwenye gia boksi kwa mikanda badala ya kuunganishwa moja kwa moja. Wengine huyadharau, nami nadhani hawayatendei haki. Injini zake ni za ukoo wa S195 na ZS1115, zile zile zinazozungusha mashine za kusaga vijijini, kwa hiyo fundi anayezifahamu yupo karibu kila tarafa na vipuri vyake vinauzwa hata kwenye maduka ya miji midogo.

Udhaifu wake pia ni halisi. Mikanda huteleza ikilowa au ikilegea, mtetemo hulegeza nati, na haidroli ya mengi yake, yaani mfumo wa oili unaonyanyua zana, hunyanyua mzigo mdogo. Kwa kuvuta tela na kulainisha udongo ni chaguo la heshima, mradi mwenyewe awe tayari kukaza nati kila asubuhi. Kwa rotaveta ya siku nzima, tafuta lenye silinda mbili au tatu na gia zilizounganishwa moja kwa moja.

Je, matrekta madogo yaliyotumika kutoka Japani yanafaa?

Yanafaa, na kwa mkulima mwenye fedha za kiasi mara nyingi ndiyo thamani bora zaidi sokoni. Kubota, Yanmar, Iseki na Shibaura za farasi 14 hadi 30 ziliundwa kwa mashamba madogo ya mpunga, zina injini tulivu zinazotumia dizeli kidogo, na nyingi huja zikiwa tayari na rotaveta yake.

Hata hivyo kuna mambo manne ya kujua kabla ya kulipa. Kwanza, aina nyingi ziliuzwa ndani ya Japani pekee, kwa hiyo namba yake ya modeli haimo kwenye orodha ya vipuri ya wakala wa nje, na itabidi utafute kwa namba ya injini au kwa kufananisha kipuri chenyewe. Pili, maandishi ya leva ni ya Kijapani. Mwombe muuzaji akuonyeshe kila moja kwa vitendo, kisha andika kwa rangi, hasa leva ya PTO yenye mwendo zaidi ya mmoja, kwa maana zana nyingi za hapa zinataka mizunguko 540 kwa dakika na mwendo wa juu zaidi unaweza kuzivunja. Tatu, mikono ya kubebea zana wakati mwingine ni ya ukubwa wa Kijapani. Pima matundu ya mikono ya chini: zana za kawaida za matrekta haya zina pini ya milimita 22. Nne, mengi hayana fremu ya kumkinga dereva trekta likipinduka.

Nikienda kukagua trekta lililotumika, niangalie nini?

Mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kulikuta injini ikiwa ya baridi, kisha ukifika, kabla hajakuonyesha chochote, weka kiganja kwenye bloku. Likiwa la moto limewashwa kabla hujaja, na huenda ni kwa sababu halipendi kuwaka asubuhi.

Likiwaka, moshi mweusi kidogo unaoisha ni wa kawaida. Moshi wa buluu usioisha unamaanisha oili inaungua kwa sababu ya ringi au gaidi za valvu zilizochoka, na moshi mweupe unaoendelea injini ikiwa imepata moto unaweza kutokana na nozeli mbovu au maji yanayoingia kwenye silinda. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma. Mvuke kidogo si neno, lakini hewa ikisukuma kwa mapigo na kurusha matone ya oili kwenye mkono wako, pistoni na silinda zimeshachoka. Chomoa kijiti cha oili ya injini, kisha cha gia boksi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake, na kwa matrekta yaliyofanya kazi kwenye mpunga hili hutokea hasa kwenye ekseli ya mbele, ambako sili zilizokufa huruhusu tope kula gia na beringi.

Funga zana nzito nyuma, inyanyue hadi juu, zima injini, na usubiri dakika kumi. Ikishuka haraka, haidroli ina mvujo wa ndani. Shika gurudumu la mbele kwa mikono miwili ulitikise ili usikie kama kuna mchezo kwenye pini na bushi. Zungusha usukani na uone unasafiri kiasi gani kabla matairi hayajaitika. Angalia meno ya shafti ya PTO: yakiwa yamechongoka, shafti imefanya kazi nyingi kuliko saa zinazosomeka kwenye mita. Mita yenyewe usiiamini peke yake. Pedali ya klachi iliyolika hadi chuma na kiti kilichochanika husema ukweli kuliko namba.

Mwisho, liendeshe kwenye udongo. Trekta linalokwenda vizuri uani linaweza kurukwa na gia mara linapobeba mzigo, na hilo hutaligundua kwenye sakafu ya saruji.

Nichukue linalovuta kwa magurudumu mawili au manne?

Kwa tela kwenye barabara kavu na kufyeka, mawili yanatosha na matengenezo yake ni machache. Kwa mpunga, matope na miteremko kama ya Lushoto au Rungwe, chukua la manne bila kusita, kwa sababu trekta dogo ni jepesi na linahitaji kila tairi lisaidie. Ukiwa na la mawili linaloteleza, jaza maji kwenye matairi ya nyuma kupitia valvu hadi robo tatu, na utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Je, litapalilia mahindi yangu?

Litapalilia ikiwa ulipanda ukijua litapalilia. Nafasi ya kawaida ya mahindi ni sentimita 75 kati ya mstari na mstari. Ili magurudumu yapite katikati ya mistari bila kukanyaga mche, umbali kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya jingine unapaswa kuwa sentimita 150, ambapo trekta hupanda juu ya mistari miwili. Matrekta mengi madogo yana sentimita 90 hadi 120 tu. Baadhi yanaruhusu matairi ya nyuma kugeuzwa ndani nje ili kupanua nafasi, na mengine hayaruhusu. Nenda na futi ya kupimia.

Uvungu nao ni muhimu. Sentimita 30 hadi 35 chini ya ekseli zinaruhusu palizi ya kwanza, mahindi yakiwa hayajafika magotini. Palizi ya pili utarudi kwenye jembe la mkono au dawa ya magugu.

Ninunue zana zipi kwanza?

Tela, kwa maoni yangu. Mkulima mwenye tela lake husafirisha samadi, mbolea, maji na mavuno, na majirani watamlipa kwa kazi hiyo hiyo, kwa hiyo ndilo linalorudisha fedha haraka kuliko zana nyingine yoyote. Baada yake rotaveta, ikiwa haikuja na trekta. Mashine ya kufyeka na ya kupukuchua zifuate kulingana na zao lako. Tenga fedha za zana tangu mwanzo, maana wapo wanaomaliza akiba yote kwenye trekta na kubaki na chombo kisichoweza kufanya kazi yoyote.

Nitajuaje kama kununua kuna faida kuliko kukodi?

Fanya hesabu kwa saa. Tuseme trekta linanunuliwa kwa shilingi milioni 20, na baada ya miaka 10 unaliuza kwa milioni 5. Limepoteza milioni 15, sawa na milioni 1.5 kila mwaka. Ukilitumia saa 150 kwa mwaka, kila saa imekugharimu shilingi 10,000 kabla hujaweka hata tone la dizeli. Ukilitumia saa 500, gharama hiyo inashuka hadi 3,000. Ongeza mafuta: injini ya farasi 25 ikifanya kazi kwa nguvu zote hunywa lita tano na nusu hivi kwa saa, na kwa kazi nyepesi hushuka hadi nusu ya hapo. Ongeza dereva, oili, vichujio, matairi na riba ya mkopo kama ipo. Kisha linganisha na bei ya kukodi kijijini kwako, ukitumia bei halisi ya msimu wa pilikapilika.

Kuna kitu ambacho hesabu hii haikioni, nacho ni wakati. Anayekodi hupangiwa zamu, na mvua hazimsubiri. Mahindi yaliyochelewa kupandwa wiki mbili yanaweza kukupotezea zaidi ya gharama ya kukodi, na mkulima wa maeneo yenye mvua fupi anayo haki ya kulipia zaidi kidogo ili awe na chombo chake mlangoni.

Naweza kupata mkopo?

Nchini Tanzania zipo njia kadhaa. Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania, TADB, iliyoanza kutoa huduma mwaka 2015, pamoja na benki za biashara hukopesha kwa zana za kilimo. Taasisi ya PASS hudhamini mikopo ya wakulima wasio na dhamana ya kutosha. Njia nyingine ni ukodishaji wa kumiliki, kama unaofanywa na kampuni ya EFTA, ambapo trekta lenyewe hubaki kuwa dhamana hadi umalize kulipa. Lolote utakalochagua, omba marejesho yafuate mavuno yako badala ya kulipa kila mwezi, na soma kwa makini kifungu kinachoeleza kitakachotokea mvua zikikosekana.

Nitapata wapi vipuri?

Swali hili liulize kabla ya kununua. Nenda kwenye duka la vipuri lililo karibu nawe, uulize vitu vitano vya modeli unayoitaka: kichujio cha oili, kichujio cha dizeli, fani belti, sahani ya klachi na sili ya ekseli ya mbele. Ukipata vitatu papo hapo na viwili kwa kuagiza, endelea. Ukiambiwa vyote ni vya kuagiza, hata trekta likiwa rahisi namna gani, liache. Trekta lililolala wiki tatu mwezi wa Desemba likisubiri sili moja limekunyima msimu mzima.

Kwa trekta jipya, muulize wakala kama modeli hiyo imepimwa na CAMARTEC, kituo cha Arusha kinachofanya majaribio ya zana na mashine za kilimo, na uombe kuona ripoti. Maonyesho ya Nane Nane, kwenye viwanja kama Nzuguni Dodoma, Themi Arusha au John Mwakangale Mbeya, yanakupa nafasi ya kuziona modeli nyingi siku moja na kuzungumza na mafundi wao.

Kuna hatari gani?

Trekta dogo huua sawasawa na kubwa. Ajali ya kwanza ni kupinduka, kwenye tuta, ukingo wa mfereji au mteremko. Ya pili ni kuinuka mbele na kuanguka kinyumenyume, ambayo hutokea mtu anapofunga mnyororo juu, kwenye mkono wa kati au ekseli, ili kung'oa kisiki. Mzigo wowote uvutwe kutoka kwenye ndoano ya chini pekee. Ya tatu ni shafti ya PTO: kwa mizunguko 540 kwa dakika hufanya mizunguko tisa kwa sekunde, na khanga, kanzu au mkono wa koti ukishikwa hakuna anayewahi kuzima injini. Usinunue zana ambayo shafti yake haina kava ya plastiki, na usimruhusu mtoto kupanda kwenye madigadi hata kwa mwendo wa pole. Kwa trekta lisilo na fremu, mpe fundi mzoefu wa kuchomelea vipimo vya fremu ya kiwandani ya trekta la uzito huo, na uiambatanishe na mkanda wa kiti. Bomba jembamba la uzio lililochomelewa kwa kukisia haliwezi kumwokoa mtu.

Matengenezo ya kila siku ni yapi?

Asubuhi kabla ya kuwasha, pima oili na maji ya radieta, kisha piga grisi kwenye nipo zote, yaani vichuchu vya kutilia grisi. Wakati wa vumbi, kichujio cha hewa kisafishwe kila siku, kwa sababu vumbi la kiangazi ndilo linalokula silinda za matrekta yetu kuliko sababu nyingine yoyote. Dizeli ya madumu ichujwe kwa kitambaa safi, na maji yanayokusanyika kwenye kikombe cha kichujio yamwagwe. Oili ya injini mpya ibadilishwe baada ya saa 50 za kwanza, na baadaye kwa kufuata kitabu chake.

Nidai nyaraka zipi siku ya kukabidhiwa?

Dai risiti ya EFD, kadi ya usajili yenye namba ya chasi na ya injini zinazolingana na zilizogongwa kwenye chuma, hati ya forodha ikiwa trekta limeingizwa kutoka nje, kitabu cha mwendeshaji, na dhamana iliyoandikwa ikitaja saa au miezi na nani atamlipia fundi nauli ya kuja shambani. Namba hizo zisome mwenyewe kwenye chuma, ukifuta grisi kwa kitambaa, kabla hujasaini.